Tosamaganga: kanisa juu ya kilima cha mizinga

Wadau, sisi wa Ilula barabara ya kwenda Iringa tunaijua kwa matenga ya nyanya na kwa mnara wa Lugalo, pale Wahehe walipommaliza Zelewski na kikosi chake Agosti 1891. Tukifika mjini tunaishia stendi. Ukisogea mbele hadi Tosamaganga, unakuta stori ya Lugalo bado inaendelea.

Wajerumani walirudi kulipa kisasi. Oktoba 1894 wakaipiga Kalenga, ngome ya Mkwawa, kwa mizinga. Wazee wanasimulia kuwa mizinga ilitegwa kwenye kilima cha jirani, na Wahehe wakaona ni watu wanaotupa mawe. Kwa Kihehe, tosa maganga. Jina likaganda mpaka leo.

Sasa sikia hii. Mkwawa alijiua Julai 1898. Wabenediktini wa St. Ottilien, Wajerumani pia, walikuwa wameshapiga kambi kilimani hapo kabla ya kifo chake! Yaani yeye yuko porini anawindwa, huku misheni inaanza. Mtu atasema walifuata hewa nzuri tu. Mimi sikubali kirahisi, maana toka pale juu Kalenga yote iko chini yako.

Vita vya kwanza vya dunia vikawaondoa. Mwaka 1919 wakaja Wakonsolata, Waitaliano wa padri Giuseppe Allamano wa Torino (huyu alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024), na 1922 Iringa ikawa jimbo la kimisionari linalojitegemea. Hao ndio walioipa Tosamaganga sura yake: kanisa kubwa la Kiitalia, na mapaa ya vigae vyekundu kama kijiji cha kwao kimehamishiwa Uheheni. Fikiria Mhehe aliyezoea tembe, nyumba ndefu ya chini yenye paa la udongo, analitazama jengo lile! Na jamani, ramani ilitoka Italia lakini matofali hayakujifyatua yenyewe. Nikitazama kuta zile nawawaza hao wafyatuaji kuliko maaskofu.

Kingine, misheni nyingi zinajulikana kwa jina la mtakatifu. Hii hapana, mpaka mapadri wenyewe wanaiita kwa jina la mizinga.

Mkienda, anzieni Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954. Halafu ndio mpande kilimani, mgeuke, mtazame mlikotoka.