Mtu Mdogo Ndani ya Mbegu

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu, mvulana wa Dagoretti, aliniletea daftari lake la hesabu likiwa tupu. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa heshima zote, "Mwalimu, hesabu haimo katika damu yetu. Baba hakuiweza, na babu hakuiweza." Huenda nawe, msomaji, umepata kusema neno kama hilo, au kuambiwa. Ni neno fupi, lakini ndani yake mna swali lililowashughulisha wanazuoni kwa zaidi ya miaka elfu mbili: je, kiumbe huwa amekwisha kamilika ndani ya mbegu, au hufanyika kidogo kidogo?

Jawabu lilitafutwa kwanza ndani ya yai la kuku. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani wa karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika habari za mayai yaliyopasuliwa siku mbalimbali baada ya kuatamiwa. Nami nilipokuwa chuo cha ualimu tulifanya vivyo hivyo. Tulipasua yai la siku ya tatu katika bakuli la maji ya uvuguvugu. Hapakuwa na mdomo, wala unyoya, wala mguu. Palikuwa na nukta nyekundu tu juu ya kiini cha njano, nayo ilikuwa ikidunda. Mwenzangu mmoja aliweka kalamu yake chini, asiandike neno. Aristotle aliijua nukta hiyo, akasema kuwa ndiyo moyo. Akakata shauri kwamba kifaranga hakimo ndani ya yai tangu mwanzo kikingoja kukua, bali viungo vyake hufanyika kimoja baada ya kingine.

Hapo alisema kweli. Lakini alipofika kwenye habari ya wazazi alikosea. Alifundisha kwamba baba ndiye atoaye umbo, na mama hutoa kitu cha kufinyangwa tu, kama udongo mikononi mwa mfinyanzi. Wazee wa Kikuyu wa huku Kabete hawakupata kumsoma, wala desturi yao ya majina haikubaliani naye: mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Desturi si sayansi, nakiri. Lakini katika jambo hili ilimpita mwanafalsafa.

Hadubini ilipopatikana, ungedhani shaka itakwisha. Kumbe iliongezeka. Mwaka 1677 Mholanzi Leeuwenhoek aliziona mbegu za kiume zikiogelea. Mwaka 1694 mwenzake, Hartsoeker, akachora mtu mdogo aliyejikunyata ndani ya kichwa cha mbegu hiyo. Hakumwona, alichora alivyodhani kwamba angeonekana. Wengine walishikilia kuwa mtu huyo yumo katika yai la mama. Pande zote mbili ziliafikiana kwamba yumo mzima, na ndani yake yumo mwingine, na ndani ya huyo mwingine tena, hata kurudi mwanzo wa dunia. Usicheke upesi. Mvulana wa Dagoretti alikuwa akisema maneno hayo hayo.

Mjerumani Caspar Friedrich Wolff, katika kitabu chake cha mwaka 1759, alirudi kwenye yai la kuku na kuonyesha mishipa ya damu ikitokea mahali ambapo haikuwapo. Baadaye alionyesha kwamba utumbo wa kifaranga huanza kama utando bapa, kisha hujikunja ukawa mrija. Alichokosa Wolff ni hesabu ya urithi, nayo ililetwa na mtawa Gregor Mendel, aliyepanda njegere mjini Brno. Alichanganya ndefu na fupi. Kizazi cha kwanza kikawa kirefu chote. Katika kizazi cha pili, kati ya mimea 1,064, mirefu ilikuwa 787 na mifupi 277. Ufupi haukupotea, ulikuwa umejificha, na kila mzazi alikuwa ametoa fungu lake sawa na mwenziwe. Alichapisha habari hizo mwaka 1866, lakini hazikutiliwa maanani mpaka mwaka 1900.

Elimu hiyo ilipofika Nairobi ilitumiwa vibaya. Mwaka 1933 palianzishwa hapa chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari za watu, na kiongozi wake mmoja alikuwa daktari H. L. Gordon. Daktari mwingine, F. W. Vint, alipima bongo za Waafrika waliofia hospitalini, akazilinganisha na vipimo vya Wazungu, na mwaka 1934 akachapisha matokeo yake. Kwa vipimo hivyo ilidaiwa kwamba Mwafrika amepungukiwa akili kwa kuzaliwa, na faida ya kumsomesha ikatiliwa shaka. Fikiri, msomaji: vitabu ulivyonavyo mkononi vingeweza kunyimwa babu yako kwa sababu ya mizani!

Lakini ubongo nao hufanyika, kama ule moyo wa kifaranga. Chakula cha mama, maradhi ya utotoni na njaa huacha alama ambazo mpimaji hawezi kuzitenga na urithi kwa kutazama maiti. Tena uzito si akili. Ubongo wa mwandishi Turgenev ulizidi gramu 2,000. Wa Anatole France ulikuwa kama gramu 1,000 tu, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1921. Serikali ya Uingereza ilipoombwa fedha za kuendeleza uchunguzi ule, haikuzitoa.

Ukitoka katikati ya jiji, ukapita Westlands na kushika barabara ya Lower Kabete, utafika kwenye kituo kilichoanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya mbegu za ng'ombe dume. Mbegu hizo hutiwa katika mirija myembamba na kugandishwa kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Mkulima hununua mrija wa dume wa ukoo wenye maziwa mengi. Lakini nusu ya urithi wa ndama hutoka kwa ng'ombe wake mwenyewe aliye zizini, na mtamba akinyimwa majani na maji hatatoa maziwa ya ukoo wake.

Kwao yule mvulana palikuwa na ng'ombe mmoja aliyepatikana kwa njia hiyo. Nilimwuliza humpa majani kiasi gani kwa siku, na hukama lita ngapi. Alinijibu papo hapo kwa kilo na kwa lita, akaongeza na fedha ya maziwa ya mwezi mzima, gharama zikiwa zimekwisha kutolewa. Nikamrudishia daftari lake.