Kiingereza Kilichopitia Mwisenge

Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Burito wa Butiama alipelekwa Musoma, umbali wa zaidi ya kilomita 40, akaanza masomo katika shule ya Mwisenge akiwa na miaka kama 12. Nyumbani kwao walisema Kizanaki. Darasani Julius Nyerere alikuta Kiswahili, ambacho utawala wa Waingereza ulikuwa umekifanya lugha ya shule za chini Tanganyika. Kiingereza kama lugha ya kufundishia kilimngoja katika shule ya Tabora, alikofika mwaka 1937. Wapo wanaouona mfululizo huo wa lugha tatu kuwa mzigo. Mimi nauona kuwa ndio uliomjengea Kiingereza chake. Mtoto aliyekwisha kuzivusha maana kutoka Kizanaki hadi Kiswahili anajua kuwa neno lina mahali linapofaa na mahali linapokataa. Akikutana na la Kiingereza hakariri sauti tu, hulipima kwa yale anayoyafahamu. Ushahidi umo katika kazi yake ya utu uzima. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilichapishwa mwaka 1963. Hakuridhika, aliipitia upya, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi changa, mwenye shughuli zisizokwisha, alirudi kuyapima maneno aliyokwisha kuyachapisha! Aliyekariri tu hawezi kuona pa kusahihisha.

Itasemwa kwamba huyo alikuwa na kipaji, na kwamba Tabora ilichagua wavulana wachache ikawalaza bwenini. Ni kweli, na hilo linaeleza kwa nini alifika mbali. Halielezi njia aliyoipita. Hoja nzito zaidi ni kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alikitetea Kiingereza, hata akakiita Kiswahili cha dunia, na mwaka 1982 Tume ya Makweta kuhusu elimu ilipopendekeza Kiswahili kifundishie sekondari, serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Lakini kukithamini Kiingereza ni jambo moja, kukifundisha bila maana ni jingine. Tangu 1967 watoto wa shule za umma za Musoma na Bunda wamesoma msingi kwa Kiswahili, kisha katika kidato cha kwanza lugha hugeuka ghafla kuwa Kiingereza. Mwalimu anayewaelezea neno jipya kwa Kiswahili, akawapa sentensi mbili tatu za kulijaribu, hawacheleweshi. Anayewaachia wanakili ubaoni wasichokielewa ndiye anayewapotezea miaka.