Lugha ya Sheria za Usalama Machimboni
Katika miaka ya 1930 watu wa Njombe walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, wilayani Chunya. Hata leo aendaye huko kwa gari hupita Makambako. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria za migodi kwa Kiingereza. Baada ya Uhuru desturi hiyo haikukoma: Sheria za Madini za 1979, 1998 na 2010 ziliandikwa vivyo hivyo, ingawa mafuriko ya 1998 na 2008 yaliua wachimbaji wengi Mererani. Mwaka 2021 tu Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Onyo asilolifahamu aliye shimoni ni sawa na onyo lisilotolewa. Basi makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, mkoani Njombe, yakichimbwa kwa wingi, tafsiri iliyo sahihi itawalinda wachimbaji kama nguzo za mgodi.