Mwanafunzi na Mkubwa Wake: Mabishano ya Lovanium, 1960

Watu wengi wakisikia neno «mabishano» hufikiri mara moja ugomvi. Na wakiambiwa kwamba mwanafunzi amebishana na mkubwa wake mbele ya watu, hutikisa kichwa: mtoto huyu hana adabu! Basi, tuangalie jambo lililotokea katika nchi yetu ya Kongo.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka wa 1954, karibu na Leopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Kilikuwa mtoto wa chuo kikuu cha Louvain katika Ubelgiji. Fakulte yake ya teolojia, maana yake elimu ya mambo ya Mungu, ilianza mwaka wa 1957.

Tarehe 29 Januari 1960 watu wa fakulte hiyo walikutana kusikiliza wasemaji wawili. Wa kwanza ni Tharcisse Tshibangu, mwanafunzi, mzaliwa wa Kipushi katika Katanga, hajatimiza miaka thelathini. Wa pili ni Padri Alfred Vanneste, Mbelgiji, mkubwa wa fakulte yenyewe. Kumbukeni siku zile zilivyokuwa: wakati uleule wanasiasa wa Kongo walikuwa Bruxelles, katika mkutano wa Meza ya Duara, wakizungumza juu ya uhuru. Mwafrika akimpinga Mzungu mbele ya watu, hata katika mambo ya dini, wote walitega masikio.

Ulizo lilikuwa hili: je, yaweza kuwako teolojia ya Kiafrika? Tshibangu alijibu kwamba yaweza. Imani ni moja, lakini akili inayotafuta kuifahamu ni akili ya watu fulani, wenye njia zao za kufikiri. Waafrika nao wana njia zao, kwa mfano juu ya uzima na umoja wa watu; basi teolojia yaweza kupata rangi yao. Vanneste akakataa. Kwanza, alisema, iwe teolojia ya kweli. Elimu ni ya watu wote. Waafrika wakijifungia peke yao, watabaki wanateolojia wa daraja la pili.

Siku hizi wengi humhesabu Vanneste kuwa mkoloni tu. Nafikiri hawamsomi vizuri. Wazee wetu walijua sana vitu vilivyotengwa «kwa ajili ya weusi»: shule zao, hospitali zao, mitaa yao, na karibu kila kitu kilikuwa cha namna ya chini. Yeye aliogopa Waafrika wasijijengee wenyewe chumba kingine cha namna hiyo. Hofu hiyo haikuwa upumbavu.

Lakini kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, hakulipima vya kutosha. Teolojia aliyoiita ya watu wote ilishonwa kwa kitambaa cha watu fulani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipofundisha katika chuo kikuu cha Paris, alitumia mawazo ya Aristotle, Mgriki asiyemjua Kristu. Wengi walishtuka. Mwaka wa 1277, Tomaso akiwa amekwisha kufa, askofu wa Paris alikataza maneno 219 yaliyofundishwa kule, na mengine yaligusa mafundisho ya Tomaso mwenyewe. Mwaka wa 1323 Papa alimtangaza kuwa mtakatifu.

Turudi Lovanium. Mwanafunzi hakufukuzwa. Maneno ya wote wawili yalipigwa chapa mwaka uleule katika Revue du Clergé Africain, gazeti la mapadri, ili kila msomaji apime mwenyewe. Tshibangu akaendelea na masomo Louvain, akawa mmoja wa wataalamu wa Mtaguso wa Vatikano. Mwaka wa 1968, katika Juma la Teolojia la Kinshasa, ulizo lilifunguliwa tena, na Vanneste hakuliacha neno lake la msingi.

Mambo mengine ya chuo hayakwenda hivyo. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana mjini Kinshasa. Serikali iliwajibu kwa bunduki, na wengi waliuawa. Mwaka wa 1971 walipotaka kuwakumbuka wafu wao, chuo kilifungwa na wao wakatiwa jeshini. Mwaka huohuo Mobutu akaitwaa Lovanium, akaiunganisha na vyuo vingine kuwa Chuo Kikuu cha Taifa. Rekta wa kwanza aliyewekwa ni Tshibangu, ambaye sasa alikuwa askofu. Mwaka wa 1974 serikali ikaitoa fakulte ya teolojia katika chuo hicho. Walimu wakaendelea kufundisha nje, chini ya maaskofu, na kuandika juu ya ulizo lilelile la 1960.