Weupe Ulio Baina ya Safu

Fungua kitabu cha majedwali ya hesabu, kile chenye logarithimu za tarakimu nne, ukitazame kwa muda bila ya kutafuta jawabu lolote. Utaona tarakimu zimesimama safu kwa safu kama askari katika gwaride, na jicho lako laweza kushuka tangu juu hata chini pasipo kujikwaa. Huulizi ni nani aliyezipanga. Wala huulizi habari ya kile kilichoko baina ya safu na safu, maana hapana kitu pale. Ni weupe wa karatasi tu. Lakini weupe huo una historia yake, tena ndefu, na hiyo ndiyo nitakayo kukusimulia.

Usidhani kuwa ni jambo dogo. Katika karne ya 18 baharia aliyekuwa katikati ya bahari kuu, asikoona nchi kavu upande wowote, alitafuta mahali alipo kwa kupima mwezi na nyota, kisha akafungua kitabu cha majedwali. Mashuhuri miongoni mwa vitabu hivyo ni Nautical Almanac, ambacho toleo lake la kwanza lilikuwa la mwaka 1767, chini ya usimamizi wa mnajimu Nevil Maskelyne wa Greenwich. Tarakimu moja ikihamia safu isiyo yake, baharia huyo angejihesabu yuko mahali asipokuwapo, na mwamba haungojei mtu asahihishe hesabu.

Basi safu hizo zilinyoshwaje? Kwa kazi ya mikono. Herufi zilikuwa vipande vya madini, mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, vilivyosubiwa kimoja kimoja katika kalibu. Kila kipande kilikuwa na mwili wake, na juu ya mwili huo uso wa herufi uliopakwa wino. Mpangaji alivichomoa katika sanduku lenye vyumba vingi akavipanga mstari kwa mstari. Alipotaka nafasi tupu hakuweza kuiacha hewa tu, kwa sababu herufi zingeanguka. Ilimbidi atie kipande cha madini kisicho na uso, kilicho kifupi kuliko herufi, ili wino usikiguse. Kwa hiyo weupe unaouona katika kitabu cha kale haukuwa utupu hata kidogo. Ulikuwa risasi, ulikuwa na uzito, na mtu aliweza kuushika mkononi.

Kipande kikuu katika hivyo kiliitwa kwadi, nacho kilikuwa mraba: upana wake sawasawa na kimo cha mwili wa herufi. Upana huo ndio uitwao emu. Ikiwa herufi ni za pointi 10, emu yake ni pointi 10. Zikiwa za pointi 14, emu yake ni pointi 14. Tena wasubuji herufi walikuwa na busara ya kuzifanya tarakimu zote, tangu 0 hata 9, ziwe na upana mmoja, aghalabu nusu ya emu. Wakatengeneza na kipande kitupu cha nusu ya emu. Maana yake ni kwamba mahali palipokosa tarakimu, mpangaji alitia kipande hicho kimoja, na safu nzima ikabaki imenyoka. Akichukua herufi kubwa zaidi, huchukua pia sanduku lake, na katika sanduku hilo vipande vitupu navyo ni vikubwa zaidi. Nafasi ilikua pamoja na herufi kama kivuli kinavyomfuata mwenyewe. Hapakuwa na haja ya kukumbuka.

Taabu yao ilikuwa kwingine. Hapakuwa na kipimo kimoja. Mwingereza Joseph Moxon, aliyeandika kitabu cha ufundi wa chapa mwaka 1683, hakuweza kuzieleza herufi kwa namba. Alizitaja kwa majina, kisha akahesabu ni ngapi hujaza futi moja. Zile zilizoitwa Pika zilijaza futi kwa 75, na zile zilizoitwa Brevier kwa 112. Lakini Pika ya kiwanda hiki haikuwa Pika ya kiwanda kile. Mpangaji aliyechanganya vipande vya viwanda viwili aliona mistari yake ikipinda, naye akalazimika kuijazia kwa vijikaratasi.

Mfaransa Pierre-Simon Fournier wa Paris ndiye aliyetoa mwaka 1737 utaratibu wa kuzipima herufi zote kwa kipimo kimoja kidogo alichokiita pointi. Baadaye Mfaransa mwenzake, François-Ambroise Didot, aliifunga pointi kwenye futi ya mfalme wa Ufaransa, 72 kwa kila inchi ya futi hiyo. Huko Marekani mambo yalitengenezwa na msiba. Mwezi wa Oktoba 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Chicago, na kiwanda cha kusubu herufi cha Marder, Luse kikateketea pamoja nao. Maadamu iliwapasa kuanza upya, wakaanza kwa kipimo kipya, na mshirika wao wa San Francisco, Nelson Hawks, akashikilia wazo la pointi mpaka viwanda vya Marekani vikalikubali mwaka 1886. Kwa kipimo hicho pika moja ni pointi 12, na pika 83 ni sentimita 35. Inchi moja hupata pointi 72 na ziada kidogo, yaani karibu 72.27. Ikumbuke hiyo ziada, maana itarudi.

Pwani yetu nayo ilipata sehemu yake katika ufundi huu. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na vijana wa misheni walifundishwa kupanga herufi za Kiswahili kwa mikono. Vidole vyao vilijua kwadi kabla ya wengi wetu kujua kalamu.

Naomba nikae kidogo hapa kwa habari ya Charles Babbage, kwa sababu hakuna aliyeteswa na majedwali kama yeye. Mwaka 1821 yeye na rafiki yake John Herschel walikuwa wakilinganisha majedwali ya falaki yaliyohesabiwa na watu mbalimbali, wakakuta makosa tele. Babbage akatambua kwamba makosa yana milango miwili: mtu hukosea anapohesabu, na mtu hukosea tena anapopanga herufi. Kwa hiyo mashine aliyoikusudia ilikuwa ya kuhesabu na vilevile ya kuchonga chapa yake yenyewe, ili tarakimu isipite mikononi mwa mwanadamu. Hakuimaliza. Moja ya mashine alizozichora ilijengwa na jumba la makumbusho ya sayansi la London, ikamalizika sehemu ya kuhesabu mwaka 1991 na sehemu ya chapa mwaka 2002, nayo yafanya kazi. Mwaka 1831 mtu huyo huyo alitoa mifano ya majedwali ya logarithimu katika vitabu 21, yenye wino na karatasi za rangi mbalimbali, ili ajue ni rangi gani isiyochosha macho. Watu wengine wangesema ni wazimu. Mimi nasema alikuwa amesoma majedwali mengi usiku kwa taa.

Kisha ikaja mashine ya taipu. Christopher Sholes wa Milwaukee alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1868 pamoja na wenzake, na kiwanda cha Remington kikaanza kuuza mashine hizo mwaka 1874. Katika mashine ya taipu herufi zote zina upana mmoja: i iliyokonda hupewa nafasi sawa na m iliyonenepa. Aina moja iliyozoeleka huandika herufi 10 katika inchi, na nyingine 12. Makarani waliochoka kugonga nafasi moja moja hata wafike katika safu walitengenezewa kitufe cha pekee. Nyuma ya mashine palikuwa na chuma chenye meno, na karani alitia vituo juu yake mahali alipotaka safu zianze. Akibonyeza kitufe, kigari cha mashine hukimbia kwa nguvu ya springi mpaka kinaswe na kituo. Jina Tab lililoandikwa juu ya kitufe hicho ni kifupisho cha neno litokalo katika Kilatini tabula, ubao, na maana yake hapa ni kutengeneza jedwali. Vijana wetu hulisoma kwa ulimi wa Kiswahili wakasema tabu, nami siwalaumu sana.

Angalia sasa kilichotokea. Kituo cha karani hakikuwa kipande kilichosubiwa pamoja na herufi, bali mahali palipowekwa alama. Hata hivyo hapakuharibika neno, kwa sababu mashine ilikuwa na herufi za ukubwa mmoja tu. Anayevaa kiatu kimoja maisha yake yote hahitaji kujua namba ya mguu wake.

Wahandisi wa kompyuta walirithi kitufe hicho pamoja na mazoea yake. Mwaka 1963 Marekani ilitoa orodha iitwayo ASCII, ambayo kila herufi imepewa namba yake, na Tab ikapewa namba 9. Namba hiyo 9 yasema neno moja tu: enenda mpaka kituo kinachofuata. Haisemi kituo kiko wapi. Mara nyingi kwenye vioo vya kompyuta za zamani kituo kiliwekwa kila baada ya nafasi nane, na maadamu herufi za kioo zilikuwa na upana mmoja, mambo yalikwenda.

Mwaka 1985 ndipo fundo lilipofunguka. Mwaka huo kampuni ya Aldus, aliyoianzisha Paul Brainerd huko Seattle, ilitoa programu ya PageMaker kwa kompyuta za Macintosh, na Apple ikatoa mtambo wa LaserWriter wa kuchapa kurasa hizo. Mtu mmoja mezani pake aliweza kutengeneza ukurasa wa gazeti. Pointi nayo ikanyolewa ile ziada yake, ikawa 72 kamili kwa inchi. Herufi sasa zilikuwa na upana mbalimbali kama zile za risasi, na ukubwa wake ulibadilika kwa kubonyeza tu. Lakini vituo vya safu vilibaki kama vya karani, vimepimwa kwa inchi au sentimita kutoka ukingoni. Herufi ikikua, kituo hakijui. Kivuli kilikuwa kimetengana na mwenyewe.

Wapo waliokataa utengano huo. Mwaka 1977 Donald Knuth, mwalimu wa chuo kikuu cha Stanford, aliona kurasa za majaribio za kitabu chake cha hesabu zimepangwa vibaya, akaacha kazi nyingine akatunga programu yake ya kupanga kurasa, TeX. Humo aliacha hata ile ziada, 72.27. Tena aliliacha neno la kale, kwadi, na maana yake ni emu moja ya herufi zinazotumika wakati huo. Ukibadili herufi, kwadi yabadilika. Mzee wa kiwanda cha risasi angeielewa amri hiyo bila ya kufundishwa.

Wewe utakayetumia programu za kawaida itakubidi ufanye kwa akili yale ambayo sanduku la risasi lilifanya lenyewe. Tuseme umepanga jedwali la alama za darasa kwa herufi za pointi 10, na vituo vyako viko pointi 60, 120 na 180 kutoka ukingoni. Mkuu wa shule asema herufi ni ndogo, nawe wazipandisha hata pointi 12. Vituo vimebaki palepale. Jina refu la mwanafunzi, ambalo jana lilikoma kabla ya pointi 60, leo limepita kituo hicho. Namba 9 yatii amri yake: yaenda kituo kinachofuata, nacho sasa ni kile cha 120. Alama ya Historia ya mtoto huyo yasimama chini ya Jiografia, na ya Jiografia yasukumwa mbele. Mistari ya wenzake i sawasawa, kwa hiyo msomaji hashuki moyo wala hashuku. Wala si alama za shule tu; hospitalini kipimo cha dawa huandikwa katika safu hizohizo.

Dawa yake ni hesabu ya uwiano. Gawanya ukubwa mpya kwa ukubwa wa zamani, yaani 12 kwa 10, upate 1.2, kisha zidisha kila kituo kwa 1.2. Vituo vipya ni 72, 144 na 216. Ni emu 6, 12 na 18, kama vilivyokuwa mwanzo, kwa hiyo ni afadhali uviandike kwa emu tangu siku ya kwanza katika daftari yako. Angalia pia tarakimu zenyewe. Herufi nyingi za kompyuta zina tarakimu za namna mbili, zenye upana mmoja na zenye upana mbalimbali. Za pili zapendeza katika habari, lakini katika jedwali 1 iliyokonda huvuta jirani zake kando. Kwa hesabu za fedha kuna kituo cha desimali, kinachoshika nukta yenyewe, ili shilingi zikae kushoto na senti kulia.

Jambo moja haliongozwi na uwiano huo, nalo ni karatasi. Herufi hukua, vituo hukua, lakini upana wa ukurasa haukui. Jedwali la safu nane lililojaa ukurasa kwa pointi 10 halitaingia kwa pointi 14 hata ukilipigia magoti. Wapangaji wa kale walipofika hapo waligeuza jedwali likalala ubavu, au waliligawa katika kurasa mbili zinazotazamana, ama walirudi kwenye sanduku la herufi ndogo na vipande vyake vidogo, wakaanza tena kutoka mstari wa juu.