Chekeche la barua pepe: lilitoka wapi, na kwa nini ulikague

Ndugu mkulima, na wewe unayenunua mazao vijijini, tuseme umepeleka sampuli ya ufuta kwa mnunuzi mjini na kumwachia anwani yako ya barua pepe. Wiki mbili kimya. Unaamua kumuuzia mlanguzi kwa bei ya kutupa. Baadaye unagundua mnunuzi alikujibu siku ya tatu, ila barua yake ililala kwenye folda ya taka. Nani aliiweka humo?

Turudi nyuma kidogo. Mei 1978, huko Marekani, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwa mpigo kupitia mtandao wa ARPANET. Wengi walikasirika. Lakini mtindo ulikua, kwa sababu kutuma barua elfu moja hakugharimu zaidi sana ya kutuma moja. Usumbufu unabaki kwa mpokeaji.

Wasimamizi wa seva walianza kwa kuzuia maneno fulani. Walaghai wakabadili herufi, wakapita. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza njia nyingine: kompyuta ihesabu maneno yanayotokea kwenye barua njema na yanayotokea kwenye taka, kisha ipime barua nzima. Hesabu hiyo inatokana na kazi ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza, iliyochapishwa 1763 baada ya kifo chake.

Tayari mwaka 2001 ilikuwa imetolewa lugha ya kuandikia kanuni za seva, iitwayo Sieve, yaani chekeche. Kanuni husema hivi: barua ikiwa na alama ya taka, ipeleke folda ya taka. Angalia vizuri: inaitenga, haiitupi. Sababu ni kwamba hesabu hukosea. Hata wewe ukipepeta mpunga, huzimwagi pumba kabla ya kuangalia kama kuna punje zilizoponyoka.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Wakati wa mauzo, fungua folda ya taka kila baada ya siku moja au mbili. Gmail hufuta vilivyomo baada ya siku 30.
2. Ukikuta barua njema, iwekee alama kwamba si taka. Chekeche linajifunza kwako.
3. Hifadhi anwani ya mnunuzi kwenye orodha yako ya mawasiliano mapema.
4. Barua inayodai ada ili upate mbolea ya ruzuku, usibonyeze kiungo wala usitume pesa, hata kama imepita chekeche. Mpigie au mfuate afisa ugani wako kwanza.

Chekeche hupunguza kazi. Jicho la mwisho ni lako.