Msichana Mwenye Macho ya Kijani: uso bila jina

Mahmoud Said (1897-1964) ni mmoja wa waasisi wa uchoraji wa kisasa nchini Misri. Alizaliwa Aleksandria, baba yake, Mohamed Said Pasha, alipata kuwa waziri mkuu mara mbili. Yeye mwenyewe alisomea sheria, akawa hakimu katika mahakama zilizoamua kesi baina ya Wamisri na wageni, hadi alipojiuzulu mwaka 1947 ili aishike sanaa peke yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, angali hakimu, alichora picha ijulikanayo kama «Msichana Mwenye Macho ya Kijani». Tukumbuke wakati wenyewe. Baada ya maasi ya 1919 dhidi ya Waingereza, Misri ilikuwa ikijitafutia sura. Mwaka 1928 ilizinduliwa mjini Kairo sanamu ya Mahmoud Mukhtar, «Mwamko wa Misri»: mwanamke wa shambani anafunua shela yake kando ya Sfinksi. Mwanamke wa kawaida akawa alama ya taifa.

Lakini alama si mtu. Said alipomchora bintiye, picha ilibeba jina: Nadia. Msichana wetu hutajwa kwa macho yake tu. Basi mwanahistoria aisomapo picha hii kama hati, asitosheke na kusifu rangi zake. Na aulize pia: katika taifa lililokuwa likizaliwa, ni nani aliyestahili kutazamwa, na ni nani aliyestahili kuitwa kwa jina lake?